Ordinatere yenye kusoma usiku na muchana: nani anasahihisha makosa yake?

Mwezi wa kwanza 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika muji wa Pittsburgh, Marekani, walianzisha programu yenye kuitwa NELL. Wakiongozwa na profesa Tom Mitchell, waliipa kazi moja: kusoma maandishi ya intaneti bila kupumzika, na kujifunza mambo ya dunia.

Walianza kwa kuionyesha mifano 10 mpaka 15 ya kila kundi: miji, kampuni, timu za michezo. Kiisha programu iliendelea yenyewe. Ikikuta mara nyingi maneno «meya wa» mbele ya jina fulani, inaliweka jina hilo kati ya miji. Majina mapya yanaifundisha misemo mingine, na misemo hiyo inaleta majina mengine tena.

Kiisha siku 67, ilikuwa imekusanya habari zaidi ya 242 000. Lakini watafiti walikadiria kwamba 74 tu kati ya 100 zilikuwa sahihi.

Kosa moja lilijulikana sana. Kwa Kiingereza, neno «cookie» ni biskuti, lakini pia ni kumbukumbu ndogo ambayo mitandao inaacha ndani ya ordinatere. NELL iliiweka kati ya vyakula. Iliposoma kwamba watu wanafuta «cookie» sawa vile wanafuta faili, ikaona kwamba faili nazo ni chakula. Ilibidi watu waingilie kati na kusahihisha.

Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanajua hatari hiyo. Uvumi ukirudiliwa mara mia kwenye WhatsApp, unaonekana kuwa kweli. Mutu wa Goma anaweza kupigia simu ndugu yake wa Masisi ili ahakikishe. Mashini yenye kusoma tu haina ndugu wa kuuliza.

Kuna pia swali la lugha. NELL ilisoma Kiingereza. Watafiti wa Brazil walishugulikia Kireno. Kiswahili ni kati ya lugha 4 za taifa za Kongo, lakini maandishi yake kwenye intaneti yangali machache. Programu za leo zenye kujibu maulizo zimejifunza pia kwa kusoma, zaidi sana Kiingereza. Kwa hiyo, mengi zinayosema juu ya Uvira ao Beni yanatoka kwa watu wenye kuandika wakiwa mbali.

Redio, vyuo vikuu na waandishi wa hapa wanaweza kupunguza pengo hilo, wakiandika kwa Kiswahili habari zilizohakikishwa. Lakini mufano wa Pittsburgh unaonyesha kwamba kuandika peke yake hakutoshe: lazima pia wawepo watu wenye kujua Kiswahili na eneo hili, wapewe nafasi ya kusahihisha.