Mstaafu arudi jikoni, ila asile peke yake

Majimoto, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, imekaa kwenye bonde la Rukwa katikati ya majaruba ya mpunga. Wenyeji hawaendi mbali kutafuta mchele. Wafanyabiashara ndio wanaoufuata huko kwa malori baada ya mavuno. Mahindi, maharage na karanga vinalimwa katika mkoa huohuo, kambale na perege wanatoka Ziwa Rukwa, dagaa na migebuka wanavuliwa Karema, upande wa Ziwa Tanganyika. Mtu aliyestaafu ualimu, uuguzi au ubwana shamba akaamua kuishi hapa, amezungukwa na chakula. Hata hivyo, swali la wapi ale, kwake au kwa mama ntilie, lina uzito mkubwa kwake kuliko kwa kijana anayepokea mshahara, na ni swali linalopewa nafasi ndogo mno pale watumishi wanapoandaliwa kustaafu. Hoja yangu ni kwamba mstaafu, awe mwanamume au mwanamke, apike nyumbani siku nyingi za juma. Na kile kinachomvuta mgahawani, yaani watu wa kula nao, akipate kwa utaratibu ambao wazee wetu waliujua zamani.

Tuanze na hesabu. Mshahara wa mtumishi huweza kupanda pamoja na cheo, lakini pensheni haina cheo cha kupanda. Kikokotoo cha mafao ya wastaafu kilichoanza kutumika Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, na kiasi kilichobaki kikawa cha kulipwa kila mwezi. Katika bajeti ya mwaka 2024/2025 Serikali ikapandisha mkupuo huo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 kabla ya mabadiliko, na asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25. Mjadala wa haki ya viwango hivyo ni mrefu, na una mahali pake. Kwa hoja ya leo inatosha kuona kwamba sehemu kubwa ya jasho la mtumishi inamrudia kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na mtu anayepokea kwa mwezi hana budi kula kwa mwezi. Tuchukue mfano wa mstaafu mwenye pensheni ya shilingi 150,000. Tuseme chai na chapati mbili asubuhi ni shilingi 1,000, sahani ya wali maharage mchana ni shilingi 2,000, na ya usiku ni shilingi 2,000. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 150,000 kamili. Amekula, na pensheni imekwisha kabla hajanunua dawa, sabuni, vocha wala daftari la mjukuu. Anayepokea mara mbili ya hapo bado atakuwa ameacha nusu ya fedha yake mezani pa mgahawa, tena kwa tumbo moja tu.

Sasa tuweke chungu kando ya sahani hiyo. Kilo moja ya mchele hutoa sahani zipatazo saba za kushiba. Hata mchele ukiuzwa shilingi 2,500 kwa kilo, wali wa sahani moja haufiki shilingi 400. Ongeza maharage, nyanya, kitunguu, mafuta kidogo na mkaa, na bado kwa chungu cha watu watatu au wanne hesabu ya kila mmoja itakuwa chini sana ya ile ya mgahawani. Tofauti ni kubwa zaidi kwa mstaafu aliyenunua ekari mbili tatu za mpunga. Kosa linalomgharimu huyu ni kuuza magunia yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha kununua mchele kilo kwa kilo miezi ya mvua bei ikiwa juu. Mwenye jaruba anayekula mgahawani anauziwa wali ambao pengine uliota shambani kwake. Akiba ya chakula nyumbani ni sehemu ya pensheni yake, na haihitaji uhakiki wala benki.

Kuna ushahidi kutoka mbali unaosaidia kuelewa jambo hili. Kwa muda mrefu wachumi wa Marekani walisumbuliwa na takwimu zilizoonyesha kwamba matumizi ya fedha ya chakula hushuka ghafla mtu anapostaafu. Wengi walitafsiri kushuka huko kama dalili ya njaa, kwamba watu hawakujiwekea akiba wakaishia kupunguza kula. Mwaka 2005 Mark Aguiar na Erik Hurst walichapisha utafiti uliotazama pia kilichokuwa kikiliwa na muda uliotumika kukiandaa. Waliona kwamba kwa wastaafu fedha ya chakula ilishuka kwa asilimia 17, lakini muda wa kununua na kuandaa chakula uliongezeka kwa asilimia 53, na ubora wa mlo haukushuka. Kwa maneno mengine, wastaafu hao walikula vilevile kwa fedha pungufu, kwa sababu walilipia tofauti kwa saa zao. Marekani si Mpimbwe, na majiko yao si ya mafiga. Lakini msingi wa hoja unasimama popote: kustaafu kunapunguza fedha na kunaongeza muda, na jikoni ndipo muda hugeuka kuwa chakula kwa urahisi kuliko mahali pengine popote. Mtu mwenye saa za kutosha, anayenunua kila siku kazi ambayo angeweza kuifanya mwenyewe, anatoa kile alichonacho kidogo ili asiguse kile alichonacho tele.

Pingamizi la kwanza ni la haki. Kupikia mtu mmoja ni ghali. Moto unaoivisha maharage ya mtu mmoja ungeivisha ya watu watano, na mama ntilie anaweza kuuza nafuu kwa sababu sufuria yake ni kubwa. Isitoshe, mzee wa miaka 70 mwenye maumivu ya mgongo hapaswi kupuliza kuni katikati ya moshi. Ninayakubali yote mawili, lakini hayafungi mjadala. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa moto mdogo, na yakichemshwa ya siku mbili kisha kuungwa kidogo kidogo, moto wa siku ya pili ni wa dakika chache. Dagaa, mayai na mboga za majani haviombi moto wa muda mrefu. Kuhusu moshi, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Wastaafu wangestahili kuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiwa, maana mapafu yao ndiyo yaliyochoka. Na kwa anayesubiri mkupuo, jiko la gesi la plati mbili na mtungi wake ni matumizi ya busara kuliko mengi yanayomezwa na fedha hiyo katika miezi ya kwanza. Anayepika peke yake nitamrudia, kwa sababu tiba yake ni kupata wenzake wa kula nao.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: kupika ni kazi ya mke, na mwanamume aliyeheshimika kazini hawezi kuonekana akimenya vitunguu. Hili ndilo linalowapeleka wanaume wengi mgahawani pale mke anapofariki, anapougua, au anapokwenda kulea wajukuu kwa mtoto aliyeko mbali. Linawaumiza wao wenyewe, maana linawafanya wategemezi wa mtu mwingine kwa jambo la kila siku. Lakini linamuumiza zaidi mwanamke. Muuguzi au mwalimu wa kike akifika umri wa miaka 60 anapewa barua ya kustaafu na mwajiri, na nyumbani anaamka kesho yake kuwasha moto uleule. Mumewe, aliyestaafu mwaka huohuo, anakwenda kijiweni, na njaa ikimshika anakula hukohuko kwa fedha ya nyumba. Hapo familia moja imekuwa na bajeti mbili za chakula juu ya pensheni zilezile. Sahani ya mgahawani ni ya mtu mmoja. Chungu cha nyumbani kinamjua mke, mjukuu na mgeni aliyepita bila taarifa. Mwanamume aliyeweza kuendesha shule yenye wanafunzi mia kadhaa ana uwezo wa kujifunza kupika wali usiungue, na heshima yake haitapungua kwa hilo.

Tuje kwenye afya, kwa sababu ndiyo inayofanya suala hili lisiwe la senti peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mstaafu mwenye shinikizo la damu anaweza kuufuata ushauri huo pale tu anapoishika chumvi kwa mkono wake. Mgahawani hajui ni kiasi gani kilichoingia, wala mafuta ya chapati yametumika mara ngapi. Simlaumu mama ntilie. Anawapikia madereva, wabeba mizigo na vijana wa bodaboda, watu wanaotoka jasho kutwa na wanaohitaji sahani iliyojaa wali. Mwili wa mzee unaomba kitu kingine: wali au ugali wa kiasi, samaki au kunde, mlenda, matembele au mchicha kwa wingi, na chakula laini kwa meno yaliyopungua. Dagaa, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wanampa madini ya kalsiamu ambayo mifupa yake inayahitaji sana. Vyote hivyo vinapatikana sokoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuvipika kwa kipimo chake.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu upweke. Wapo wastaafu wanaokwenda mgahawani kufuata salamu, habari za mji na mtu wa kuwauliza wameamkaje. Ukiwaambia wakae nyumbani wapike, huenda umewaokolea fedha na kuwanyang'anya dunia. Nalichukulia hili kwa uzito wote. Watafiti nchini Japani, taifa lenye wazee wengi kuliko mengi duniani, wameona kwamba wanaume wazee wanaoishi peke yao na kula peke yao huruka milo mara nyingi kuliko wanaokula na wenzao. Chungu kisicho na wa kukishiriki hupikwa leo, kesho hupuuzwa. Lakini mgahawa si dawa pekee, wala si ya kwetu ya asili. Wasukuma, ambao wengi wamehamia Katavi na mifugo yao, walikuwa na desturi ya shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikaa, wakaletewa chakula kutoka nyumba mbalimbali na kula pamoja. Makabila mengine mengi yalikuwa na utaratibu wa majirani kula kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wastaafu wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana kukaribishana hivyo, kila mmoja anapika siku moja kwa sufuria kubwa na kupumzika siku tatu. Gharama ya moto inagawanyika, kujifunza kupika kunakuwa na walimu na wanafunzi, na asiyeonekana mezani anatafutwa siku hiyohiyo. Mgahawani asiyeonekana hudhaniwa amesafiri.

Wengine wataniuliza kama ninataka kumnyima mama ntilie riziki. Hapana. Mstaafu akila kwa mama ntilie mara moja kwa juma, siku ya soko au siku ya kupokea pensheni, amemuunga mkono na amejiburudisha. Anaweza pia kumlipa amkaangie chapati za kwenda nazo kwenye zamu ya wenzake. Na wapo watakaokumbusha kwamba mkulima hastaafu: wazee wengi wa Majimoto hawajawahi kuwa wanachama wa mifuko ya pensheni ya PSSSF wala NSSF, na Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote kama ile ambayo Zanzibar iliianzisha mwaka 2016 kwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana mpango wa kula kwa zamu una faida nyingine. Mzee asiye na pensheni lakini mwenye mchele, mahindi au kuku ana cha kuleta. Mstaafu ana mafuta, sukari na mtungi wa gesi. Mezani wote wawili ni wenyeji.

Semina za maandalizi ya kustaafu zimefundisha sana uwekezaji na miradi, na ni vizuri. Ningeomba saa moja tu iongezwe, ya kufundisha kugawa pensheni kwa milo 90 ya mwezi, kuhifadhi nafaka, kupunguza chumvi, na kupika vyakula vitano rahisi, wanaume wakiwa mstari wa mbele. Maofisa maendeleo ya jamii wa Mpimbwe wangeweza kusaidia wazee wa kila mtaa kupanga zamu zao, jambo lisilohitaji bajeti kubwa. Mtumishi ametumia miaka 30 au 35 akila kwa haraka kati ya kengele na kengele. Muda alioukosa miaka yote hiyo sasa anao, na matumizi yake mazuri ni kuwapikia watu watakaogundua mara moja siku asipokuwepo.