Masaa ya hospitali yasiharibu pointi za shule

Familia nyingi za Kivu zimefika Marekani kupitia mpango wa wakimbizi. Watoto wao wamekua, na wengi kati yao wanataka kazi ya afya. Kuna mlango mmoja ambao wazazi wengi hawaujui: kazi ya msaidizi wa daktari, inayoitwa kwa kifupi PA. Mtu huyo anapima mgonjwa, anaomba vipimo na kuandika dawa, akitumika pamoja na daktari. Shule yake ya kwanza ilianza mwaka 1965 kwenye Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, na wanafunzi wanne waliokuwa wamehudumia wagonjwa katika jeshi la majini.

Tangu hapo, shule hizo zinapenda mtu aliyekwisha kugusa mgonjwa. Kwetu, mwanafunzi wa ISTM anapelekwa staji na shule yake. Kule, mwombaji anajitafutia masaa mwenyewe kabla ya kupokelewa. Shule zingine zinaomba masaa 500, zingine 1000 ao zaidi, pamoja na digrii na pointi nzuri za biolojia na kemia.

Vijana wengi wanachagua kazi ya muuguzi msaidizi. Sheria ya Marekani inaomba mafunzo ya masaa 75 angalau, kisha mtu anaweza kufanya mtihani na kuajiriwa katika nyumba ya wazee. Anaosha wagonjwa, anawalisha, anawageuza kitandani. Kazi hiyo inaheshimika, inalipwa, na masaa yake yanahesabiwa.

Lakini hapo ndipo pana mtego. Nyumbani kuna kodi ya kulipa, na jamaa wa Uvira ao Bukavu wanangojea msaada. Kijana anaongeza zamu ya usiku, asubuhi anasinzia darasani. Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi kinachomponyoka ni shule.

Msimamo wetu ni wazi: kama lazima kimoja kingoje, masaa ndiyo yangoje. Masaa yaliyokosekana leo yatapatikana mwaka ujao. Pointi mbaya haifutiki. Katika mfumo wa maombi unaotumiwa na shule nyingi za PA, somo lililorudiwa linahesabiwa mara zote mbili, ile ya kuanguka na ile ya kufaulu.

Tufanye hesabu. Masaa 12 kwa juma, kwa majuma 30 ya masomo, ni masaa 360. Masaa 36 kwa juma, kwa majuma 12 ya likizo kubwa, ni 432. Jumla ni 792 kwa mwaka, na 1584 kwa miaka miwili. Hakuna haja ya kukesha kila usiku.

Vijana, ulizeni kila shule ni kazi gani inakubali. Kutafsiria wagonjwa Kiswahili kunasaidia watu, lakini mara nyingi hakuhesabiwi kama kuhudumia mgonjwa kwa mikono. Andikeni pia masaa yenu na jina la msimamizi tangu siku ya kwanza.

Na ninyi wazazi, mtoto anapopunguza zamu wakati wa mitihani, msimwite mvivu. Mwulizeni kwanza pointi, kisha pesa. Mshahara wa muuguzi msaidizi unalipa kodi ya mwezi huu. Digrii itabadilisha maisha ya nyumba nzima.