Acheni kupaka rangi juu ya maji

Kila masika yakiisha, Kariakoo, Dar es Salaam, hupakwa rangi upya. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi hukwangua plasta iliyobanduka, hupiga skimu, hupaka rangi ya mafuta, hulipwa na kwenda zake. Mpangaji mpya huonyeshwa fremu ya duka inayong'aa na kutoa kodi ya mwaka mzima. Kabla vuli haijaisha, ukuta uleule umevimba, umetoka chumvi nyeupe chini na madoa meusi juu. Akiuliza, hujibiwa kwamba hii ni Pwani, joto na unyevu havikwepeki.

Huo ni uongo, tena ni uongo wenye faida. Pwani haikujenga ukuta bila tabaka la kuzuia maji. Pwani haikuziba shimo la hewa ili ipatikane fremu moja zaidi. Kila ukuta unaooza katikati ya jiji hili una chanzo kinachojulikana na mtu aliyeamua. Tukikubali kuita uamuzi wa mtu hali ya hewa, tumemsamehe kabla hatujamhoji.

Tuanze na ukuta wenyewe. Hulowa kwa njia kuu tatu, na kila njia ina alama yake. Ya kwanza ni maji ya ardhini. Kariakoo imekaa juu ya mchanga, jirani na bonde la Msimbazi, na maji ya chini hayako mbali. Tofali la simenti lina vitundu vidogo vinavyonyonya maji hayo na kuyapandisha. Unyevu wa namna hii huanzia sakafuni, huishia usawa wa kiuno au kifua, na ukingoni mwake huacha mstari wa chumvi. Ukiuona, ujue msingi ulijengwa bila nailoni ya kuzuia maji, au nailoni ilikuwepo, kisha barabara na baraza vikainuliwa hadi vikaipita.

Ya pili ni maji ya juu: bomba linalovuja, choo cha ghorofani, slabu isiyo na mteremko. Haya huacha doa darini au chini ya dirisha, na doa huongezeka mvua inaponyesha au mtu wa juu anapooga. Ya tatu mafundi wengi hawaitaji kabisa, nayo ni maji yaliyomo hewani. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 hivi. Sasa duka moja likiwasha kiyoyozi kwa nyuzi 18 kutwa nzima, ukuta wake hupoa hadi upande wa pili. Jirani asiye na kiyoyozi ndiye anayeotewa na fangasi, kwa sababu hewa yake ya moto inagonga ukuta uliopozwa na mwenzake. Atapaka rangi mara kumi, na fangasi watarudi mara kumi.

Kupaka rangi ukuta wa aina hiyo ni kumpa mgonjwa wa malaria panadoli na kumwambia amepona. Mbaya zaidi, rangi ya mafuta huziba njia ambayo ukuta ungeitumia kukaukia. Maji yaliyofungiwa ndani hutafuta mahali pengine, hupanda juu zaidi, hufika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege hupasuka kutoka ndani, nanyi nje mnasifia rangi mpya.

Kupima si kazi ya ajabu. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kizibe pande zote kwa utepe wa gundi, kiache siku moja au mbili. Maji yakikaa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakikaa mbele, yanatoka hewani. Kwa hewa, choma ubani katikati ya chumba na utazame moshi. Moshi ukisimama palepale hadi darini, chumba hicho hakipumui. Fundi anayetaja bei kabla ya kutazama lolote kati ya haya amekuja kuuza rangi.

Hewa ndiyo kesi kubwa zaidi. Nyumba za Kiswahili zilizojaa Kariakoo zamani, zenye vyumba sita, zilikuwa na ukumbi uliopenya kutoka mlango wa mbele hadi uani. Kaskazi na kusi zilipita humo bila kulipiwa umeme. Leo juu ya viwanja vilevile vidogo tunapandisha maghorofa yaliyogusana ubavu kwa ubavu. Dirisha la mmoja linatazama ukuta wa mwingine. Uwazi wa katikati uliochorwa kwenye ramani ili kuingiza mwanga na hewa, humiminiwa slabu baada ya kibali kutoka. Korido hukatwa vizimba. Mbele hubandikwa vioo vinavyotazama jua la magharibi bila hata kivuli cha sentimita thelathini. Kisha mashine za viyoyozi hutundikwa uchochoroni, zinatemea joto madirisha ya wanyonge.

Wala msiseme hatukujua. Katikati ya Kariakoo lipo jibu la zege. Soko kuu lililozinduliwa mwaka 1975 lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania, kwa ajili ya jua na mvua za hapa. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayokinga maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi, na pande zake ziliachwa wazi ili upepo upite juu ya wauzaji na mboga zao. Anthony Almeida naye alitumia maisha yake hapa Dar es Salaam akibuni majengo yenye vivuli na njia za upepo. Elimu ilikuwepo, tena ya kwetu. Tuliiacha kwa sababu ukuta wa kioo unapangishika haraka.

Anayelipa gharama ni msusi aliye kwenye kizimba kisicho na dirisha, ni fundi cherehani wa ghorofa ya mwisho chini ya bati, ni mtoto anayelala nyuma ya stoo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na ukungu wa ndani na pumu na magonjwa mengine ya kifua. Kwa miaka 2021 hadi 2025 Tanzania iliorodheshwa kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaosambaa kwa urahisi zaidi kwenye hewa iliyokwama. Nchini Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alikufa Desemba 2020 baada ya kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu huko Rochdale. Wazazi wake walilalamika, wakalaumiwa kwa namna wanavyoishi. Mwaka 2023 Bunge la huko lilipitisha sheria inayobeba jina lake, ili wenye nyumba za umma walazimike kuchunguza na kurekebisha kwa muda uliowekwa. Hapa kwetu mpangaji bado anaambiwa afungue dirisha ambalo halipo.

Wenye majengo watasema kiwanja cha Kariakoo ni ghali, kila mita lazima ilipe. Basi wahesabu zote. Wahesabu vitenge vilivyoshika ukungu stoo, viatu vya ngozi vilivyoharibika, na LUKU ya viyoyozi visivyozimwa. Hewa uliyoiua ili upate fremu, mpangaji wako anainunua upya kila mwezi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na ndipo Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Sisemi unyevu ndio ulioliangusha. Nasema tumezoea kuwa jengo halikaguliwi ndani mpaka lizike watu, na tabia hiyo ndiyo inayoacha nondo zioze chini ya rangi.

Kwa hiyo, Jiji la Dar es Salaam lisitoe kibali kwa ramani isiyoonyesha hewa inaingia wapi na kutoka wapi, maji ya mvua yanakwenda wapi, na msingi umezuiwaje. Mkaguzi arudi jengo likishapangishwa, na slabu iliyoziba uwazi ivunjwe kwa gharama ya aliyeimimina. Bodi za wabunifu, wahandisi na makandarasi ziwawajibishe waliotia sahihi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ifundishe mafundi kutafuta chanzo kabla ya kushika brashi. Na mkataba wa pango uandike wazi kwamba ugonjwa wa ukuta ni wa mwenye ukuta.

Nawe mpangaji, usilipe kodi ya mwaka kwa sababu rangi inanukia upya. Shika ukuta, inama utazame chini, nusa nyuma ya kabati, uliza maji yalitoka wapi na nani aliyaziba. Mwenye nyumba asiyeweza kujibu hilo hastahili hela yako.