Mwanachuo Naye Ale

Wahenga walinena, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Ninaanza na methali hiyo kwa sababu katika mjadala wa Chama chetu muhula uliopita nilishindwa, tena mbele ya walimu. Hoja ilikuwa kwamba serikali irudishe chakula cha bure katika vyuo vikuu. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Basi msemaji mmoja wa upinzani akasimama akasema, "Bwana Mwenyekiti, mwanachuo ni mtu mzima. Ana kitambulisho, ana simu, ana mkopo. Ukiona hali, jua pesa amezila kwa njia nyingine!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi. Nami nikakaa kitako, ulimi mzito kama nanga.

Wasomaji wapenzi, leo nimepewa ukurasa ili nimjibu. Tena sitamjibu kwa hasira, kwa maana alisema nusu ya ukweli. Ni kweli pesa zililiwa kwa njia nyingine. Ila hakuuliza ni nani aliyezila.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, serikali ilimlipia mwanachuo masomo, malazi na chakula, na juu yake akapewa posho iliyoitwa bumu. Wazee waliosoma enzi hizo hadi leo husimulia vyakula vya mesi huku mate yakiwatoka. Lakini mwaka 1980 nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma, cha Nairobi. Kufikia mwaka 1990 vilikuwa vinne: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton. Walaji wakazidi, mfuko wa serikali ukanywea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango wa kugawana gharama ukaingia, na mesi zikageuka: ukitaka kula, lipa kwanza. Kisha mwaka 1995 ikapitishwa sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mkopo huo una mafungu mawili. Fungu la karo huenda chuoni moja kwa moja. Fungu la kujikimu humwendea mwanafunzi mwenyewe, na humo ndimo anamotakiwa kutoa chakula, nauli, sabuni na karatasi za kunakilisha. Fungu la kwanza halipotei njiani kwa kuwa halipiti mfukoni mwa mtu. Je, hilo la pili?

Likizo ya Agosti nilimtembelea dada yangu chuoni kwake. Yeye ni kifungua mimba wetu, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo kikuu. Mama alinipa mfuko wa maparachichi na mahindi ya kuchemsha nimpelekee. Nilifika saa saba hivi, akanipeleka mesi.

Mesi yenyewe ni ukumbi mkubwa kushinda ukumbi wetu wa mikutano mara tatu. Mlangoni kuna karani ndani ya dirisha la vyuma na ubao wenye bei. Ugali shilingi 20, sukuma 15, madondo 25, chapo 15. Unalipa, unapewa risiti, unachukua trei, unapanga foleni, kisha mpishi anaitoboa risiti yako na kukupakulia. Kwa kweli si bei mbaya. Nje ya lango la chuo ningelipa maradufu.

Dada aliniagizia ugali, sukuma na madondo. Yeye akachukua chai ya rangi peke yake. Nikamuuliza, "Kwani wewe huli?" Akanijibu, "Aah, mimi nimeshiba, nilikunywa chai saa nne." Nikaamini, nikala kama mtu aliyetoka safari. Mara akaja msichana mmoja, rafiki yake, akaketi nasi. Hakuuliza neno. Alikata chapati yake katikati, akasukuma nusu upande wa dada, akaendelea na hadithi yake. Dada naye akaichukua bila kusema asante, kama mtu anayepokea kitu cha kila siku. Hapo ndipo tonge liliponikwama kooni.

Jioni tukielekea stejini nilimbana aniambie. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Pesa za muhula huu ziliisha mapema. Si unakumbuka mambo ya Mei?"

Nilikumbuka. Mwezi wa Mei nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Ninyi wenzangu wa shule ya kutwa mnajua jambo hilo. Tangu mwaka 2008 serikali hulipia masomo yetu, lakini sufuria ya saa saba imeachiwa wazazi. Nilikaa nyumbani siku nne. Siku ya tano Baba alisema, "Pesa zimepatikana," nami sikuuliza zimepatikana wapi. Niliingia darasani kichwa juu, nikapanga foleni ya githeri kama mwana wa tajiri. Kumbe muhula mzima nilikuwa nikila kutoka katika sahani ya dada yangu! Na si mimi tu. Dawa ya nyanya ilitoka humo. Mbolea ya kupandia ilitoka humo. Na yote hayo atayalipa yeye akimaliza chuo, na riba ya asilimia 4 kwa mwaka juu yake.

Sasa mpinzani wangu wa siku ile, je, tumwite dada mbadhirifu? La hasha! Hakununua viatu wala kwenda disko. Kosa lake ni kuwa pesa zilipita mkononi mwake huku nyumbani kuna shida, na yeye ana moyo. Mtoto gani ataambiwa na mamake kwamba mdogo wake amefukuzwa shule, kisha aseme, "Samahani, hizi ni za ugali wangu"?

Kwa hivyo ninabadilisha msimamo wangu wa mjadala. Siombi tena chakula cha bure. Chakula cha bure kilikuwako na kilitushinda kukilipia. Ninachopendekeza ni hiki: sehemu ya pesa za kujikimu iende mesi moja kwa moja, kama karo inavyokwenda. Mwanafunzi apewe kadi yenye milo ya muhula mzima, tuseme miwili kwa siku. Kadi hiyo isiweze kutoa pesa taslimu, isiweze kutumwa kwa simu, isiweze kununua chochote ila chakula. Pesa zitakazobaki azitumie atakavyo.

Msiseme ni ndoto. Binamu yangu anasoma gredi ya 5 katika shule ya umma Nairobi. Huko mpango wa Dishi na County ulianza mwaka 2023. Mtoto hulipa shilingi 5 kwa mlo, na mkononi huvaa bangili ambayo huigusisha kwenye mashine, akapakuliwa. Bangili hiyo mzazi hawezi kuiazima akanunulie mafuta taa. Ikiwa mtoto wa miaka 10 anaweza kulindiwa chakula chake hivyo, kwa nini komredi wa miaka 20 asiweze?

Najua mtanipinga. Wa kwanza atasema mesi hupika vibaya, na mama wa kibandani hupika vitamu zaidi. Huenda ni kweli. Basi hata kibanda kilichokaguliwa kikawa kisafi kiruhusiwe kupokea kadi, ili mpishi wa mesi asilale akijua wateja wamefungwa kamba. Wa pili atasema tunamfanya mtu mzima kuwa mtoto. Mbona mwalimu akikatwa pesa za uzeeni katika mshahara hatusemi amefanywa mtoto? Tunasema amewekewa akiba asije akaaibika.

Wa tatu ndiye mgumu, na huyo ni mimi mwenyewe. Kama kadi hiyo ingekuwako mwezi wa Mei, dada angeshiba na mimi ningebaki nyumbani. Nimeliwaza sana jambo hili. Sitaki kusema uongo hapa kwamba ningefurahi. Lakini njaa ya shule ya kutwa dawa yake itafutwe kwenye shule ya kutwa, na serikali, na wazazi wote, na bodi zetu. Si haki dawa hiyo ikatafutwa kimyakimya katika tumbo la msichana mmoja aliye mbali, ambaye anatakiwa kufaulu mtihani ili sote tuokoke. Tukimnyima chakula tunakata tawi tulilolikalia.

Wenzangu, wengi wenu mna kaka au dada chuoni. Mwezi ujao nyumbani watakaposema pesa zimepatikana, msifanye kama nilivyofanya mimi. Ulizeni zimetoka wapi. Na mkimpigia simu mkamuuliza kama amekula, naye akasema ameshiba, muulizeni tena amekula nini.

Mimi tangu Agosti nimeanza kubeba mahindi ya kuchoma na viazi vitamu kutoka nyumbani siku tatu kwa wiki, ili Baba asiombe tena pesa zote za chakula. Wengine hunicheka kwenye foleni. Wacha wacheke. Dada aliniandikia juzi kuwa siku hizi mchana anakula ugali na madondo, tena siku ile alikuwa amemkatia rafiki yake nusu ya chapo.

Wasalaam.