Plagi si pahala pa kubania pesa

Kila ukikaribia msimu wa kharif, sisi wa Maskati mazungumzo ni Salalah tu: nani anakwenda, tutafikia wapi, nani atapika chakula cha njiani. Gari inaoshwa, ac inatiwa gesi, mipira inatazamwa. Plagi hazikumbukwi mpaka injini ianze kumisi. Na safari yenyewe ni karibu kilomita 1,000, sehemu kubwa jangwa tupu, na watoto wako nyuma.

Rai yangu ndugu zangu ni hii: plagi asituchagulie muuza duka wala fundi. Zichaguliwe na kitabu cha gari.

Kila plagi ina daraja yake ya joto. Ukitia ya moto kuliko inavyotaka injini, petroli huweza kujiwasha kabla ya wakati wake ikaharibu pistoni. Ukitia ya baridi mno, inajaa masizi. Namba nazo hazifanani: kwa NGK na Denso, namba ikizidi plagi ni baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume chake. Sasa mtu akizishika mbili mkononi akakwambia "hii na ile sawasawa tu bwana," mwambie alete kitabu.

Najua mtasema iridium ni ghali. Kweli. Lakini plagi za kawaida za nikeli nyingi hutaka kubadilishwa baada ya kilomita 30,000 hadi 50,000 hivi, na za iridium nyingi hufika 100,000. Gari iliyotoka kiwandani na iridium ukaitilia za rahisi, utarudi gereji mapema na ufundi utaulipa tena. Na gari ya zamani iliyoundiwa nikeli haigeuki mpya kwa kutiwa iridium. Ghali si lazima iwe ndiyo sahihi.

Hasara kubwa iko kwenye kuchelewa. Injini ikimisi, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye ekzosi na kukiharibu kile kifaa cha kusafisha moshi. Bei yake haikaribiani kabisa na bei ya plagi nne. Taa ya injini ikianza kumetameta, punguza mwendo na utafute fundi siku hiyo hiyo.

Bei ikiwa chini mno pia tuogope, maana plagi bandia zipo, na boksi lake limefanana kila kitu. Mimi nasema tununue kwa wakala.

Ukifika gereji, kaa hapo hapo. Injini ipoe kwanza, plagi mpya ianze kuzungushwa kwa mkono kabla ya spana, na za zamani udai upewe. Zikiwa na rangi ya kahawia au kijivu hafifu, injini iko salama. Nyeusi kwa masizi au nyeupe kama chokaa, muulize fundi sababu kabla hujalipa.

Na haya tusiwafundishe watoto wa kiume peke yao. Wanaopeleka watoto skuli kila asubuhi, wengi ni mama zao.