Mashine za kura Kongo na Uganda: imani hutoka kwenye karatasi

MBARARA: Barabara ya Masaka inayopita Makenke hupitisha pia mizigo ya Kongo, na katika makazi ya Nakivale wapo wakimbizi wengi Wakongo. Hivyo mashaka juu ya mashine za kura hayaishii mpakani.

Kongo ilitumia mashine za kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini katika uchaguzi wa Desemba 30, 2018. Wapinzani waliziita "mashine za kuiba". Mpiga kura huchagua kwenye skrini, mashine huchapa karatasi, naye huitumbukiza sandukuni. Ushahidi basi upo. Lakini tume, CENI, haikutangaza matokeo ya kila kituo, na waangalizi wa Kanisa Katoliki walisema hesabu zao hazilingani na yaliyotangazwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, CENI iliwafuta wagombea 82, baadhi kwa kukutwa na mashine kinyume cha sheria.

Uganda hupiga kura kwa karatasi. Mashine huhakiki mpiga kura tu. Januari 15, 2026 zilikwama vituo vingi, daftari la karatasi likatumika. Intaneti ilikuwa imezimwa siku mbili kabla; Kongo mwaka 2018 ilizimwa siku moja baada ya kura.

Mfanyabiashara huamini mizani kwa sababu anaweza kupima tena. Kura nazo ni hivyo: zihesabiwe upya hadharani, kituo kwa kituo. Hadi hapo, wasafirishaji wachapishe nyaraka za mzigo mapema kabla ya siku ya kura.