Tununue Intaneti kwa Chama

Wazazi wenzangu, majirani wa Kayole, Dandora, Umoja, Kariobangi, Huruma na Makadara,

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba shule zote zifungwe kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na kwenye intaneti. Shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Kuna watoto wa jiji hili ambao muda huo wote waliendelea kufundishwa na walimu wao kupitia kompyuta. Wa kwetu wengi walikaa tu. Tulidhani korona ikiondoka, shida hiyo nayo itaondoka. Haikuondoka. Mtaala wa umilisi unamtaka mtoto atafute picha, video na maelezo. Anayemaliza kidato cha nne huchagua kozi ya chuo kupitia KUCCPS na kuomba mkopo wa HELB, yote mtandaoni. Mzazi hulipia bando, kisha hulipia tena saiba.

Tupige hesabu. Nyumba inayonunua bando la shilingi 50 kila siku hutumia shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa kiasi kama hicho, kampuni zinazolenga mitaa kama yetu zimekuwa zikiuza intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo. Maana yake pesa tayari zinatutoka, ila zinatoka kidogo kidogo, hatuzioni. Tena bando hukaa kwenye simu, na simu huondoka alfajiri na mama anayekwenda kazini Industrial Area, ikarudi naye saa mbili usiku. Mtoto huanza kazi ya shule wakati huo, huku mama amechoka na bando linaelekea kuisha. Intaneti ya nyumbani humngoja mtoto pale anaporudi kutoka shule saa kumi. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa, kuliko hata bei.

Msingoje mfuko wa serikali utuokoe. Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa kwa sheria ya 2009 na kuchangiwa na kampuni za mawasiliano, inalenga maeneo ambayo mtandao haujafika. Sisi kwenye ramani tumefikiwa: nyaya za faiba zinaning'inia juu ya vichwa vyetu kutoka nguzo hadi nguzo. Kinachotushinda ni kulipa mwezi mzima kwa mkupuo ilhali kibarua analipwa kwa siku, na ploti ambako mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu.

Vikwazo hivyo viwili havimhitaji waziri. Vinahitaji chama. Kule Dandora, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu walipewa viwanja vyenye choo na maji, vyumba wakajijengea. Wapo waliounda vikundi, wakachanga na kujenga kwa zamu, chumba baada ya chumba. Mitaa yetu inajua kuchanga.

Kwa hiyo wikendi hii, wawili au watatu katika kila ploti wapite mlango kwa mlango na kuandika nyumba zenye wanafunzi. Mkipata kumi, pelekeni orodha hiyo kwa kampuni mbili au zaidi na mdai bei ya kikundi na kufungiwa vifaa bila malipo. Mchango ukusanywe kila wiki, mwekahazina alipe mwisho wa mwezi, na kila nyumba iwe na akaunti yake. Msivute waya kwa jirani na kuanza kumuuzia: kuuza intaneti bila leseni ni kosa. Wanaotaka kwenda mbali zaidi, Mamlaka ya Mawasiliano iliweka mwaka 2021 utaratibu wa leseni za mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii yenyewe, na kule Kibera mtandao wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana kwa njia hiyo ya kijamii. Kayole ina vijana wenye ujuzi huo.

Wenye ploti, fungulieni kampuni zaidi ya moja. Mpangaji ambaye mtoto wake anasoma vizuri hahami ovyo. Viongozi wa makanisa na misikiti, kumbi zenu hukaa tupu jioni za katikati ya wiki: wekeni rauta, meza na mtu mzima wa kuwasimamia watoto. Wazazi walio karibu na maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk pamoja na kaunti, wapelekeni watoto huko.

Nanyi msio na watoto wa shule, kuna kazi moja inayowafaa hasa, kwa kuwa hakuna atakayesema mnatafuta faida yenu. Serikali iliahidi vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi nchini. Nairobi ina wadi 85. Nendeni kwa MCA wenu na kwa chifu, mkiwa kikundi, si mtu mmoja, mkaulize cha wadi yenu kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi, na kama mtoto wa gredi ya saba anaruhusiwa kuingia. Majibu yaandikwe, yabandikwe kwenye geti la kila ploti.